Stima Ikirudi, Mashine Isijiwashe: Kuboresha Mifumo ya Udhibiti Katika Karakana za Kukata

Stima inapopotea mchana katika karakana ya kukata mawe, kelele hupungua polepole. Msumeno unaendelea kuzunguka kwa muda kwa nguvu za uzito wake, kisha unasimama. Wafanyakazi hutumia nafasi hiyo kutoa vipande vilivyokwama chini ya bledi, kusafisha tope na kukaza nati. Baada ya dakika kumi stima inarudi. Ikiwa mashine hiyo inawashwa kwa swichi ya kuvuta, na swichi iliachwa juu, bledi inaanza kuzunguka bila mtu yeyote kuamua iwashwe. Mkono ulio chini yake haupati onyo.

Hatari hii haitokani na ukali wa bledi wala uzembe wa kibarua. Inatokana na boksi la umeme lililofungwa ukutani. Mara nyingi boksi hilo linaweza kurekebishwa bila kununua mashine mpya.

Jambo hili linawahusu wakazi wengi wa Kajiado. Hapa kwetu mtu akitaja kware, wengi hawafikirii ndege. Wanafikiria machimbo ya mawe, na mitaa iliyokua kando ya machimbo imebaki na jina hilo. Katika eneo la Kware na viunga vya Kitengela, ujenzi wa nyumba umeleta kazi ya kukata mawe, vyuma vya mageti na madirisha, mabati na mbao. Mashine zinazotumika ni za kila aina: za kuundwa na fundi wa hapa, za mitumba kutoka ng'ambo, na mpya zenye skrini. Chuma cha mashine kikitunzwa hudumu miongo kadhaa. Kinachozeeka mapema ni mfumo wa udhibiti, yaani nyaya, swichi, relei na kadi za kielektroniki zinazoamua mashine iwake lini, iende kasi gani na isimame vipi.

Kitufe kinachosahau

Hatua ya kwanza ya kuboresha ni ya zamani kuliko kompyuta, nayo ni kuondoa swichi ya kuvuta na kuweka kontakta yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Kontakta ni swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme. Mwendeshaji akibonyeza kitufe cha kuwasha, sumaku inavuta, mota inapata stima, na kontakta inajishikilia yenyewe hata kidole kikiondolewa. Stima ikipotea, sumaku inaachilia. Stima ikirudi, hakuna kinachoivuta tena mpaka mtu abonyeze upya. Kwa lugha rahisi, mashine inasahau kwamba ilikuwa ikifanya kazi, na kusahau huko ndiko kunakookoa vidole.

Kujua kama mashine ina kinga hii hakuhitaji vifaa. Eneo la bledi likiwa wazi kabisa na kinga zake zikiwa zimefungwa, mashine inawashwa bila kukata chochote, kisha stima inakatwa kwenye swichi kuu ya karakana. Bledi ikishasimama, swichi kuu inarudishwa bila mtu kugusa kitufe cha mashine. Mashine ikijiwasha, haifai kufanyiwa kazi mpaka fundi wa umeme airekebishe.

Anayedhani stima haipotei mara nyingi kiasi hicho akumbuke usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani na maeneo mengi kuamka bado hayana umeme. Karakana zilizokuwa na zamu ya usiku hazikuwa na njia ya kujua stima ingerudi saa ngapi. Na hata bila giza la nchi nzima, fyuzi ya transfoma moja tu mtaani inatosha kuleta hali ileile.

Fezi iliyopotea na fezi zilizobadilishana

Mashine kubwa za kukata hutumia umeme wa fezi tatu, ambao nchini ni volti 415. Hapa kuna matatizo mawili ambayo mafundi wa Kitengela wanayajua vizuri, ingawa wenye karakana huyagundua mota ikishaungua.

La kwanza ni kupotea kwa fezi moja. Mota inayozunguka haisimami mara moja. Inajaribu kufanya kazi ileile kwa fezi mbili, inavuta mkondo mkubwa, inapata joto na nyaya zake za ndani zinaungua. Ikiwa imesimama, inanguruma bila kuzunguka. La pili huonekana mara chache lakini ni baya zaidi: baada ya matengenezo ya laini, fezi mbili zinaweza kubadilishana nafasi na mota ikaanza kuzunguka kinyume. Kwa pampu, hiyo ni hasara ya maji. Kwa msumeno wa duara, meno yanageuka upande usiofaa, kipande kinaweza kurushwa upande ambao hakuna aliyeutarajia, na nati inayoshika bledi inaweza kulegea.

Dawa ya yote mawili ni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya boksi, relei ya kulinda fezi. Inakagua kama fezi zote tatu zipo na kama zimefuatana inavyotakiwa. Isiporidhika, kontakta haivutwi. Ikiunganishwa pamoja na relei ya kuzuia mota kuzidiwa, ambayo sharti irekebishwe kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, karakana inakuwa imemaliza sehemu kubwa ya kazi muhimu kabla ya kufikia teknolojia ya kisasa. Inasikitisha kwamba hapa ndipo wengi huruka. Wananunua skrini ya kupendeza, na nyuma yake mota haina ulinzi wowote.

Inveta na masharti yake

Kifaa kinachotafutwa zaidi sasa ni inveta ya mota. Hii si ile inveta ya sola ya nyumbani, ingawa ni ya ukoo mmoja. Inachukua umeme wa kasi moja ya mizunguko 50 kwa sekunde na kuutoa kwa kasi ambayo mwendeshaji anataka, hivyo mota inaweza kwenda polepole au haraka.

Faida yake inaonekana siku ya kwanza. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja kwenye laini huvuta mkondo wa mara sita hadi nane ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, taa za majirani zinafifia na mikanda inapiga kelele. Inveta inaipandisha taratibu. Jiwe gumu linaweza kukatwa kwa kasi ndogo na laini kwa kasi kubwa. Inveta pia inapima mkondo wa mota kila wakati. Bledi ikianza kulemewa, mfumo unaweza kupunguza mwendo wa meza inayosukuma jiwe kabla bledi haijakwama. Ikifungiwa rezista ya breki, msumeno ambao ungezunguka muda mrefu baada ya kuzimwa unaweza kusimamishwa haraka zaidi.

Hata hivyo, breki hiyo inategemea stima. Giza likiingia ghafla, inveta nayo inaweza kuzimika na bledi ikaendelea kuzunguka kama zamani. Kwa hiyo kinga ya chuma inayofunika bledi haiondolewi kwa sababu mashine imewekewa inveta.

Kuna kosa jingine linalorudisha hatari ya mwanzo kwa mlango wa nyuma. Inveta nyingi zinaweza kuamriwa kwa swichi ya kugeuza yenye nafasi mbili, washa na zima. Fundi akiiunganisha hivyo, au akiacha ile mipangilio ya kujiwasha yenyewe baada ya hitilafu, stima ikirudi inveta inaona amri ya kuwasha bado ipo na inaitii. Karakana imelipia teknolojia mpya na kurudi palepale ilipokuwa na swichi ya kuvuta. Mashine ya kukata inatakiwa kuamriwa kwa vitufe vya kubonyeza na kuachilia, na mpangilio wa kujiwasha uzimwe. Jaribio la swichi kuu lililoelezwa juu linafaa kurudiwa siku inveta inapofungwa.

Halafu kuna suala la mahali tulipo. Watengenezaji wengi huhesabu uwezo wa inveta kwa karakana iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na joto lisilozidi nyuzi 40. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu. Hewa ya juu ni nyepesi na haipozi vizuri, hivyo kanuni ya kawaida ni kupunguza takriban asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 zinazozidi 1,000. Inveta iliyoandikwa kilowati 15 haifai kuhesabiwa kuwa na zote 15 hapa. Tofauti ya asilimia 5 au 6 inaonekana ndogo, lakini ndani ya boksi la bati linalopigwa na jua la Januari ni tofauti kati ya kifaa kinachodumu na kinachozimika kila saa nane mchana.

Vumbi ni adui mwingine. Unga wa mawe uliochanganyika na unyevu hujipaka kwenye kadi za kielektroniki, na unga wa chuma ni mbaya zaidi kwa kuwa unapitisha umeme. Boksi linatakiwa liwe la kuzuia vumbi, lenye mipira kwenye tundu za nyaya, na likae mbali na maji ya bledi. Kuacha mlango wa boksi wazi ili lipate hewa, jinsi inavyofanyika katika karakana nyingi, ni kuliua taratibu.

Anayefungua boksi lenye inveta asiguse nyaya mara tu stima inapokatwa. Ndani yake kuna kapasita zinazoweka chaji ya kuua kwa dakika kadhaa. Muda wa kusubiri huandikwa kwenye kifaa chenyewe, nao hutofautiana kulingana na ukubwa. Vilevile inveta huvujisha mkondo kidogo kwenye waya wa ardhi, na wakati mwingine hufanya swichi ya kukata stima inayovuja iruke bila sababu inayoonekana. Baadhi ya watu huiondoa swichi hiyo ili kazi iendelee. Katika karakana ambayo sakafu imelowa maji kutwa nzima, hilo ni jambo la kutisha. Zipo swichi za aina hiyo zilizotengenezwa kufanya kazi na inveta, na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa hauna mbadala.

Kompyuta ndogo isiyopewa madaraka yote

Mashine inayofuata hatua kadhaa, kwa mfano kushusha bledi, kusukuma meza, kurudi na kuanza mkato mpya, zamani ilitumia kabati zima la relei na nyaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya magari vya Marekani vilichoka kubadilisha nyaya kila mwaka muundo wa gari ulipobadilika, na hapo kikazaliwa kidhibiti cha programu: kompyuta ndogo, ngumu, inayosoma vitufe na sensa kisha kuamuru mota. Leo kidhibiti kidogo cha aina hiyo kinaingia kwenye boksi la ukubwa wa kitabu.

Kwa mkataji wa mawe, sensa moja tu inaweza kulipa gharama: ile inayothibitisha kwamba maji yanapita. Bledi ya almasi ikikata bila maji inapata joto na kuharibika, na vumbi laini la mawe linalopaa linaingia mapafuni na kubaki humo. Kidhibiti kikipangwa kwamba bila maji hakuna kukata, hakuna mjadala wala njia ya mkato siku bowza ya maji inapochelewa.

Hata hivyo, kitufe cha dharura, kile chekundu chenye mgongo wa njano, hakitakiwi kutegemea programu ya kidhibiti cha kawaida peke yake. Programu inaweza kukwama na kontakta inaweza kuganda. Viwango vya kimataifa vya umeme wa mashine vinataka kitufe hicho kikate nguvu kupitia njia iliyo imara zaidi, kwa kawaida relei maalumu ya usalama yenye njia mbili, ili moja ikishindwa ya pili ikate. Kitufe kikishabonyezwa kinabaki ndani mpaka kiachiliwe kwa mkono, na kukiachilia kusiwashe mashine. Kunatoa ruhusa tu ya kubonyeza kitufe cha kuwasha.

Kwa mashine za kukata bati zinazoshuka kwa pigo moja, njia inayofaa ni vitufe viwili vilivyo mbali, kila mkono kimoja, vinavyotakiwa kubonyezwa kwa wakati mmoja. Kufunga kimoja kwa kamba au kukikandamiza kwa jiwe ili mkono mmoja ubaki huru kunaonekana kama ujanja wa kuongeza kasi. Relei nzuri hugundua ujanja huo, kwa sababu inataka vitufe vyote viachiliwe kabla ya kila pigo.

Wakati wa kubadilisha bledi, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote hapa ndicho kinachofaa: kufuli. Swichi kuu ya mashine inazimwa, kufuli inatiwa, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule ambaye mikono yake iko kwenye bledi.

Mashine za mitumba

Mashine iliyotumika ng'ambo inaweza kuwa ununuzi mzuri. Swali la kwanza la kuuliza ni kama ilitumia mizunguko 50 au 60. Marekani na sehemu ya magharibi ya Japani hutumia 60. Kenya hutumia 50. Mota ya 60 ikiunganishwa hapa inakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na volti zake huenda haziendani na zetu. Inveta au transfoma inaweza kutatua hilo, lakini gharama yake ijulikane kabla ya kulipa.

Mashine za kompyuta za zamani zina mtego mwingine. Nyingi huhifadhi vipimo vyake vya ndani kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo. Mashine ikikaa bohari na melini miezi kadhaa betri inakufa, na mashine inafika Kitengela ikiwa haijui urefu wa meza yake yenyewe. Muuzaji makini hutoa nakala ya vipimo hivyo, kwenye karatasi au kwenye faili. Betri nayo kwa kawaida hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Kadi za kompyuta zikiwa hazitengenezwi tena, kubadilisha mfumo mzima wa udhibiti na kubakisha chuma mara nyingi kuna maana kuliko kutafuta kadi iliyotumika isiyo na dhamana.

Nani aifanye kazi hii

Kazi ya umeme ya aina hii inatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Leseni hizo zina madaraja, na aliyeruhusiwa kufanya kazi ya fezi moja nyumbani si lazima awe ameruhusiwa kugusa fezi tatu. Mwenye karakana ana haki ya kuomba kuiona.

Kabla ya kumaliza malipo, mwenye karakana anatakiwa kubaki na vitu vinne mkononi: mchoro wa nyaya jinsi zilivyofungwa, orodha ya mipangilio ya inveta, nakala ya programu, na nywila yake. Fundi anayefunga programu kwa nywila na kuondoka nayo amemfanya mteja mateka. Siku hatapatikana kwa simu, mashine nzima inasimama kwa sababu ya sensa ndogo. Jaribio la kupoteza stima, la kila kitufe cha dharura na la kila kinga lifanywe mbele ya waendeshaji, kwa kuwa wao ndio watakaosimama hapo kila siku.

Kwa vijana wanaotaka ujuzi huu, vyuo vya mafunzo ya ufundi ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na anayejua kazi tayari bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali kupitia NITA.

Sheria na fidia

Ukaguzi wa usalama kazini uko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, kupitia Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Leseni ya biashara ya kaunti haichukui nafasi ya usajili wa mahali pa kazi unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Sheria hiyo inataka sehemu hatari za mashine zizungushiwe kinga imara, anayetumia mashine hatari awe amefundishwa au asimamiwe na anayeijua, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Panapofanya kazi watu 20 au zaidi, kamati ya usalama ni lazima.

Ajali ikitokea, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, haimwangalii tu mwenye barua ya ajira. Mkataba unaweza kuwa wa mdomo, na malipo yanaweza kuwa ya siku au ya kipande. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya mawe aliyokata hapotezi haki kwa sababu hiyo. Ulemavu wa kudumu kabisa huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kulingana na kiasi chake. Mwajiri anatakiwa kumwarifu mkurugenzi ndani ya siku saba baada ya kupata taarifa ya ajali. Aliyeumia, au anayemwakilisha, ana miezi 12 ya kuwasilisha dai, na miezi hiyo huhesabiwa kuanzia tarehe ya ajali.